Siku ya tatu bila mirungi

MAKALA MAALUMU

Dereva aliyeacha kutafuna hana shavu lililotuna wala macho makavu. Kwa nje amepona. Ndani ya fuvu, kazi ndiyo kwanza inaanza.

Na Mwandishi Wetu, Mikese

Malori yanayotoka bandari ya Dar es Salaam yakifika Mikese usiku, dereva ana mambo mawili kichwani: mizani na Tunduma. Mizani iko hapa hapa, kando ya barabara kuu, na foleni yake humpa utingo nafasi ya kushuka, kugonga matairi na kununua chai ya rangi. Tunduma iko zaidi ya kilomita 700 mbele. Katikati kuna Morogoro mjini, kilomita 50 za Hifadhi ya Mikumi ambako mnyama anaweza kukatiza barabara wakati wowote, kuna Ruaha Mbuyuni, halafu kona za Kitonga.

Safari hiyo haitaki usingizi. Wapo wanaoufukuza kwa kahawa, wengine kwa vinywaji vya kuongeza nguvu. Na wapo wanaotafuna mirungi, bigijii mdomoni kupunguza ukakasi, majani yakijazana shavuni tangu Chalinze mpaka alfajiri.

Huyo anayetafuna anafahamika. Askari wa barabarani anajua pa kumtafuta, tajiri wa gari anajua kumfokea, na magazeti, likiwemo hili, yameshamwandika mara nyingi. Makala haya yanamhusu mwenzake asiyeandikwa: aliyeacha.

Tumchukue dereva wa mfano, kwa dalili zile zile zinazoelezwa na madaktari wa uraibu. Ametafuna kwa miaka, karibu kila safari. Fedha zinapotea, choo hakipatikani, usingizi wa nyumbani umekuwa wa mang'amung'amu. Ameamua basi. Siku ya kwanza anajisifu. Siku ya pili analala mpaka mchana. Siku ya tatu anaamka, anakula kama aliyeshinda na swaumu, anarudi kulala, na anaota ndoto za kutisha. Hana homa, haumwi popote. Ukimwita anaitika, ila hakuna kinachomvuta: mpira, wanawe, wala simu yake mwenyewe. Nyumbani wanaanza kunong'ona kwamba amekuwa mvivu.

Siku ya tano tajiri anapiga simu. Kuna mzigo wa Lubumbashi.

Anakwenda.

Arosto isiyo na makamasi

Arosto ya unga Watanzania wanaijua. Anayekosa heroini hutoka machozi na makamasi, hutapika, huhara, mifupa humuuma hadi akagaagaa sakafuni. Ni mateso, lakini yanaonekana, na yana kilele: baada ya wiki moja hivi makali yake hupungua. Nchi imeyajengea huduma. Februari 2011 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilianza kutoa methadoni, ikafuata Mwananyamala, Temeke, Zanzibar, Mbeya, Mwanza na Dodoma. Methadoni hukaa kwenye vipokezi vile vile ambavyo heroini ilikuwa ikikaa, hivyo mtu hunywa dozi yake asubuhi na kwenda kazini.

Ni mafanikio ya kujivunia. Yametuzoesha pia kuutazama uraibu kwa jicho moja.

Mirungi, kokeni, amfetamini na methamfetamini ni ukoo mwingine, ukoo wa vichangamshi. Vikiondoka mwilini havimwachi mtu akigaagaa. Vinamwacha ameketi ukutani, kimya, akitazama ua. Hakuna anayemkimbiza hospitali mtu wa namna hiyo, na mganga akimpima presha na malaria atamkuta mzima.

Wala si jambo la mirungi peke yake. Desemba 2023 Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ilitangaza kukamata zaidi ya tani tatu za dawa katika mikoa ya Dar es Salaam na Iringa. Zaidi ya tani mbili kati ya hizo zilikuwa methamfetamini. Miaka yote tulizoea kusikia heroini ikitajwa mbele. Safari hiyo kichangamshi kiliizidi uzito. Na anayekwenda Iringa kutoka Dar es Salaam kwa barabara kuu hupita hapa Mikese.

> "Vikiondoka mwilini havimwachi mtu akigaagaa. Vinamwacha ameketi ukutani, kimya, akitazama ua."

Mguu uliosahaulika kwenye breki

Mhusika mkuu kichwani ni dopamini. Mwanasayansi wa Sweden, Arvid Carlsson, alionyesha mwishoni mwa miaka ya 1950 kwamba kemikali hiyo ni mjumbe kamili wa ubongo, si malighafi tu ya kutengenezea noradrenalini kama ilivyodhaniwa. Mwaka 2000 alipewa Tuzo ya Nobeli. Imezoeleka kuitwa kemikali ya raha, jina lisiloitendea haki. Kazi yake kubwa ni kumwambia mtu kwamba jambo fulani linafaa kuamkiwa: chakula kile, kazi ile, mtu yule. Mwenye dopamini pungufu anaweza kula pilau na akakiri kuwa ni tamu. Tatizo ni kuinuka kuifuata.

Katika siku ya kawaida seli ya neva hutoa dopamini kiasi, ujumbe hufika kwenye vipokezi vya seli ya jirani, kisha protini maalumu huirudisha dopamini hiyo ilikotoka. Kokeni huiziba protini hiyo. Amfetamini na jamaa zake, ikiwemo kathinoni iliyomo kwenye mirungi mibichi, huenda mbali zaidi: huingia ndani ya seli na kuifanya protini itende kinyume, imwage badala ya kurudisha. Noradrenalini nayo hupanda. Moyo unakwenda mbio, njaa inakatika, usingizi unapotea, na barabara inaonekana fupi.

Ubongo hauachi mafuriko hayo yajirudie bila kujihami. Vipokezi vya dopamini aina ya D2 hupungua. Dainofini, ambayo ubongo wenyewe huitengeneza na ambayo hubana utoaji wa dopamini, huongezeka. Ni kama dereva anayeteremka Kitonga na mzigo mzito: gari linavyozidi kusukumwa, naye anazidi kukanyaga breki. Siku mirungi inapokoma mteremko umekwisha, gari liko tambarare, na mguu haujatoka kwenye breki.

Hapo ndipo alipo dereva wetu wa siku ya tatu. Kichocheo hakipo, kizuizi kipo. Noradrenalini imeshuka, kwa hiyo analala na njaa inarudi kwa kishindo. Usingizi wa ndoto, ambao vichangamshi huukandamiza, unajilipa deni lake kwa mkupuo, na ndoto zinakuwa kali kiasi cha kumtoa jasho. Wakati huo huo sehemu ya ubongo iitwayo amigdala inamwaga kemikali za msongo, ndiyo maana mtu aliyelala saa 14 anaamka akiwa na hasira na nyumba nzima. George Koob, mtafiti wa Marekani, ametumia miaka mingi kueleza upande huu: kwamba mtu aliyezama kwenye uraibu hurudia dawa ili kuikimbia hali hii zaidi kuliko kuifuata raha ya mwanzo.

Kwa hiyo anayemwita mvivu amekosea utambuzi. Kinachoitwa bidii, ile nguvu ya kuanza jambo, inapita kwenye mfumo ule ule uliobanwa.

Wiki, miezi, mwaka na zaidi

Mwaka 1986 Frank Gawin na Herbert Kleber, madaktari wa akili wa Chuo Kikuu cha Yale, waliigawa njia ya mtu anayeacha kokeni katika vipindi vitatu. Kwanza kuanguka: saa chache hadi siku nne za uchovu, usingizi na sonona. Kisha wiki moja hadi kumi ambazo mwanzoni mtu hujiona amepona, halafu dunia inapauka na hamu inarudi. Mwisho ni kipindi kisicho na ukomo wa wazi, ambapo hamu hulala na kuamka inapoguswa na mahali, harufu au rafiki. Tafiti za baadaye kwa wagonjwa waliolazwa ziliona nafuu inayopanda taratibu, bila ngazi hizo. Wodini hakuna rafiki wala kijiwe, na huenda tofauti imetokea hapo.

Picha za ubongo zimeongeza kitu ambacho macho hayakukiona. Mwaka 2001 Nora Volkow na wenzake nchini Marekani walichapisha vipimo vya watu watano waliokuwa wakitumia methamfetamini. Walipigwa picha ndani ya miezi sita tangu kuacha, wakarudiwa baada ya miezi 12 hadi 17. Zile protini zinazorudisha dopamini zilikuwa zimeongezeka, asilimia 19 katika sehemu moja ya ubongo na asilimia 16 katika nyingine. Kumbukumbu na wepesi wa viungo havikuwa vimerudi kwa kiwango hicho.

Watu watano ni wachache, na methamfetamini si mirungi. Mtafunaji wa vijiti vichache vya wikendi atapita arosto yake kama aliyesafiri usiku mmoja. Kwa anayetafuna kila siku dalili ni zile zile kwa majina, ila nyepesi: uchovu, moyo mzito, hasira, mikono kutetemeka kidogo, ndoto mbaya. Wepesi huo ndio unaozifanya zipuuzwe. Mgonjwa wa kulazwa halazimishwi kushika usukani.

Mwaka huo huo wa 2001 jarida la *Nature* lilichapisha utafiti wa panya waliozoeshwa kokeni kisha wakanyimwa. Ungetegemea hamu yao ipungue kila wiki inayopita. Walipoonyeshwa ishara iliyokuwa ikiambatana na dawa, waliitafuta kwa juhudi zaidi baada ya miezi miwili kuliko siku ya kwanza.

Geuza hilo liwe la barabarani. Miezi miwili imepita, dereva amenenepa, mkewe ameanza kumsifu kwa majirani. Anasimama Chalinze kununua maji, anaona kifurushi kilichofungwa kwa majani ya mgomba. Watu watasema imani yake ilikuwa ndogo. Panya hawana imani.

> "Watu watasema imani yake ilikuwa ndogo. Panya hawana imani."

Same si Meru

Kuhusu jani lenyewe, Afrika Mashariki imegawanyika kwa mpaka. Tanzania inaihesabu mirungi kuwa dawa ya kulevya chini ya Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, na kulima au kusafirisha kunaweza kumfikisha mtu kwenye kifungo cha miaka 30. Operesheni za kung'oa mashamba zimekuwa zikipanda Milima ya Pare, wilayani Same, kama ambavyo wakazi wa Morogoro Vijijini wamezoea kusikia zile za bangi. Kaskazini ya mpaka, mmea huo huo unalipa karo za shule Meru, na mwaka 2016 Kenya iliuingiza rasmi kwenye orodha ya mazao yake ya biashara.

Wanaoitetea mirungi vijiweni husema ni majani tu, kama chai. Hawako peke yao. Mmea wa mirungi haumo kwenye orodha za udhibiti za kimataifa, ingawa kathinoni imo. Wataalamu wa Shirika la Afya Duniani waliupitia mwaka 2006 na hawakupendekeza uwekwe. Uingereza ilipoupiga marufuku Juni 2014, baraza lake lenyewe la ushauri wa dawa za kulevya lilikuwa limeshauri kinyume mwaka uliotangulia.

Wanaoipinga wanaonyesha kathinoni. Ilitengwa mwaka 1975 katika maabara ya Umoja wa Mataifa, na muundo wake ni ndugu wa karibu wa amfetamini. Ni kemikali isiyokaa: siku chache baada ya jani kukatwa huwa imegeuka kuwa kitu dhaifu zaidi. Ndiyo sababu ya majani ya mgomba, na ndiyo sababu ya pikapu za Meru zinazokimbia kuelekea Nairobi kana kwamba zimebeba mgonjwa. Zao linalosifiwa kwa kumweka dereva macho ndilo hilo hilo linalomfundisha dereva mwingine mwendo wa hatari.

Kila upande una hoja, na mwandishi huyu hatajifanya mwamuzi wa Same na Meru. Lakini mabishano yote ni juu ya jani. Wanaotaka liruhusiwe hawapendi kutaja arosto kwa kuwa inavunja hoja ya chai. Wanaotaka liteketezwe huhesabu kilo na ekari. Wakilifanikisha kesho asubuhi, keshokutwa barabara hii itakuwa na madereva walioacha wote kwa pamoja, bila kujiandaa.

Mwili umechoka, mzigo haujafika

Mikese imewahi kuona watu waliotumwa kupita uwezo wa mwili. Mwaka 1916, Waingereza walipowasukuma Wajerumani kutoka kwenye reli, kituo cha Mikese kiligeuzwa kuwa bohari ya jeshi, na wapagazi wa Kiafrika wakaondokea hapa na mizigo vichwani kuelekea bonde la Rufiji. Wao hawakuwa na kidonge. Vita iliyofuata, jeshi la Ujerumani liligawa methamfetamini kwa askari wake kwa jina la Pervitin. Kazi ikizidi binadamu, wakubwa hawapunguzi kazi. Kinatafutwa kitu cha kumeza.

Mirungi ya barabarani nayo ina historia ya saa za kazi nyuma yake. Aprili 2015 madereva waligoma nchi nzima, na moja ya madai yao ilikuwa mikataba ya ajira. Mabasi ya masafa marefu yanatakiwa kuwa na madereva wawili. Tangu Oktoba 2023 mabasi yanaruhusiwa tena kusafiri usiku, na abiria wamefurahi kwa sababu usiku mmoja wa gesti umeokolewa. Treni ya umeme iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro katikati ya 2024 imechukua baadhi ya wasafiri hao. Makontena ya Zambia na Kongo yangali barabarani.

Mwenye lori naye ana lake. Kontena likichelewa analipishwa, mkopo wa benki haujui dereva amelala au yuko macho. Wengi hawaulizi kijana ametumia nini kufika mapema. Siku anaposema ameacha na anahitaji kupumzika, swali linakuwa kwa nini asifanye kazi kama mwanzo.

Tiba isiyo na chupa

Vichangamshi havina methadoni yake. Dawa zimejaribiwa kwa miaka mingi na hakuna iliyoidhinishwa kutibu uraibu huu. Matokeo yaliyoleta matumaini yalitoka Marekani mwaka 2021: sindano ya naltreksoni pamoja na vidonge vya bupropioni kwa watumiaji wa methamfetamini. Waliofanikiwa walikuwa asilimia 13.6, dhidi ya asilimia 2.5 ya waliopewa dawa bandia. Ni tofauti ya kweli. Ni pia watu zaidi ya 8 katika kila 10 ambao haikuwasaidia.

Kinachofanya kazi vizuri zaidi hadi sasa kinashangaza kwa urahisi wake. Mtu anapimwa mkojo mara kwa mara. Akikutwa safi anapewa zawadi papo hapo, vocha au kitu cha matumizi. Wapo wanaokasirika kusikia hivyo, kwamba mlevi analipwa kwa kutokulewa. Kibaolojia ina mantiki: ubongo uliopoteza mvuto wa mambo ya kesho unapewa kitu cha leo. Mazoezi nayo yameonyesha dalili njema. Utafiti mdogo uliofanyika Los Angeles na kuchapishwa 2016 uliona vipokezi vya dopamini vikiongezeka kwa waliokuwa wakipata nafuu kutoka methamfetamini na kufanya mazoezi kwa wiki nane, tofauti na wenzao waliopewa masomo ya afya tu.

Vyote hivyo Mikese inavimudu kwa sehemu. Uwanja wa mpira upo, na njia za kupanda kuelekea Uluguru hazihitaji kiingilio. Nyumba za soba zipo mkoani, ingawa desturi zake zilijengwa na watu wa unga na kwa ajili ya watu wa unga, ambao ukiwavusha wiki ya kwanza umewavusha mlima. Mtu wa vichangamshi, wiki ya kwanza kwake ni usingizi. Mlima wake uko wiki ya tatu, ya nne, ya nane, wakati wenzake wameshampongeza na kitanda amepewa mwingine.

Sonona ya kipindi hicho ndiyo ya kuangaliwa zaidi. Kwa baadhi ya watu, hasa waliotoka kwenye methamfetamini, hufika mahali pa kufikiria kujiua, na hapo si suala la nidhamu tena bali la kumfikisha hospitali usiku huo huo.

Zinabaki zile siku tano za dereva wetu. Askari akimsimamisha na kipimo cha pumzi, mashine itasoma sifuri. Wiki ya pili mkojo wake hautaonyesha kathinoni. Leseni hai, bima hai, hajanywa, hajatafuna, na wakati wowote kati ya Mikumi na Kitonga kichwa chake kinaweza kuangukia usukani. Daktari aliyeisoma kemia hii angemwandikia wiki mbili za gereji: kuosha gari, kufunga turubali, kulala usiku. Lakini dereva anayelipwa posho kwa safari hawezi kujipa wiki hizo mwenyewe. Asiposafiri hakuna posho, na kiti chake kitakuwa na mtu kabla gari halijamaliza kupakia.